Kura ya Vizibo

Asubuhi, kabla kengele haijalia, shule nzima ilikuwa kwenye usafi. Darasa la tatu waliokota karatasi uwanjani. Darasa la nne walimwagilia maua yaliyopandwa kando ya ofisi. Darasa la tano walifagia varanda kwa fagio fupi zilizowakunja migongo kama wazee. Darasa la sita walikuwa na kazi mbili: kufuta madirisha ya darasa lao na kusafisha vyoo. Kwenye madirisha kulikuwa na watu tele. Walifuta huku wakibishana habari za mpira, wakachora vikaragosi kwenye vumbi la vioo, wakacheka. Vyooni, upande wa wasichana, alikuwepo mtu mmoja tu, na mtu huyo alikuwa yule yule wa jana na wa juzi.

Wenzake walimwita Taratibu. Hakuna aliyewahi kumwona akikimbia, na akiulizwa swali alifikiri kwanza ndipo akajibu, hata kama swali lenyewe lilikuwa jina lake. Asubuhi hiyo alikuwa amepiga magoti, sketi ameikusanya kiunoni, anasugua sakafu kwa brashi iliyobaki nywele chache.

Aliyekuja kumtafuta alikuwa mwenzake wa dawati moja, msichana mwembamba aliyeitwa Cherehani. Mama yake alikuwa fundi wa kushona nguo, lakini jina hilo hakulipata kwa mama yake. Alilipata kwa mdomo wake mwenyewe, ambao ukishaanza kwenda hausimami mpaka uzi uishe.

Cherehani alisimama mlangoni, akaziba pua, akaanza kulalamika kwamba kengele inakaribia na kwamba leo wana hesabu kipindi cha kwanza. Halafu akaona mikono ya rafiki yake, akanyamaza. Dawa ya choo ilikuwa kali, na glavu zilitoboka zamani zikatupwa. Ngozi ya vidole vya Taratibu ilikuwa imepasuka kwenye viungo vyote, na mpasuko mmoja ulikuwa ukitoa damu. Taratibu aliificha mikono chini ya sketi, lakini alikuwa amechelewa.

"Tangu lini?" Cherehani aliuliza.

Taratibu alifikiri kidogo. "Tangu muhula uanze. Usimwambie mtu. Ijumaa wanachagua kiranja tena. Wakipanga mstari kama kawaida, Jumatatu mimi sirudi. Nimeshaongea na shangazi, nitakaa nyumbani nimlelee mtoto. Shangazi amesema kama shule yenyewe ndiyo hii ya kusugua vyoo, hata nyumbani choo kipo."

Alisema hivyo bila kulia, na hilo ndilo lililomuuma Cherehani zaidi.

Kisa chenyewe kilijulikana na darasa zima, ila hakuna aliyekisema. Katika shule ile, kiranja wa darasa alichaguliwa kwa mstari, mwanzoni na katikati ya kila muhula. Wagombea walisimama uwanjani, na kila mwanafunzi alikwenda kusimama nyuma ya yule anayemtaka. Mstari mrefu ndio ulioshinda. Walimu waliupenda mtindo huo kwa kuwa haukuwa na gharama na ulimalizika kabla chai ya ofisini haijapoa.

Mwanzoni mwa muhula walisimama wavulana wawili. Wa kwanza aliitwa Meja, kwa ajili ya kifua chake alichokitanguliza mbele kama askari wa gwaride. Alikuwa kiranja tangu darasa la tano. Wa pili aliitwa Goti, golikipa ambaye magoti yake hayakuwahi kukosa kidonda. Goti aliahidi jambo moja tu: kwamba akiwa kiranja, watoto wadogo hawatasukumwa tena bombani. Meja hakuahidi kitu. Yeye alisimama akawa anamtazama usoni kila aliyekuja, mmoja baada ya mwingine, kama mchungaji anayewajua mbuzi wake. Na kila mtu alielewa maana ya macho yale. Kiranja ndiye aliyepanga zamu za usafi. Kiranja ndiye aliyeshika ufunguo wa kabati la mipira. Basi mstari wa Meja ukarefuka mpaka ukapinda kwenye ukuta.

Nyuma ya Goti alisimama mtu mmoja, Taratibu. Darasa lilicheka mpaka Goti mwenyewe akashindwa kujizuia, akageuka, akampa Taratibu mkono kama anayempokea mgeni rasmi.

Kesho yake Taratibu alipangiwa vyoo vya wasichana na Goti akapangiwa vya wavulana. Zamu hiyo haikubadilika tena. Goti alikuwa na ujanja wake. Alimwaga ndoo moja ya maji akiwa amesimama mlangoni, akapiga mluzi, akakimbilia darasani. Taratibu hakuweza kufanya kazi nusu. Alisugua mpaka kona ya mwisho, na kila siku kengele ilimkuta na brashi mkononi.

Asubuhi hiyo pia kengele ilimkuta. Alipoingia darasani, mwalimu alikuwa ameshaandika mfano wa pili ubaoni. Mwalimu wa darasa la sita alikuwa mwanamke mrefu mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi upande mmoja. Alifundisha vizuri na hakupiga mtu, lakini kuchelewa alikuchukia kama wengine wanavyochukia nyoka. Hakugeuka hata kumtazama aliyeingia. Alinyoosha chaki kuelekea ukuta wa nyuma, na Taratibu, aliyekwisha kuzoea, akaenda kusimama huko na daftari lake ameliegemeza ukutani.

Cherehani aliinuka bila kuitwa. "Mwalimu, alikuwa anasafisha vyoo."

"Vyoo vina zamu," mwalimu alisema, bado anaandika. "Mwenye zamu aamke mapema."

"Lakini kila siku ni…"

"Kaa chini."

Alikaa. Aliona shingo ya Meja, dawati la mbele kabisa, ikitikisika kwa kicheko kilichozuiwa. Mfano wa pili ukaja, na wa tatu, na Cherehani hakuona hata tarakimu moja. Aliona mtu aliyefanya kazi ya darasa zima amesimama nyuma kama mwizi, na waliofuta vumbi huku wakicheza wamekaa kwa raha wakinakili.

Saa ya mapumziko alimfuata Meja bombani. Kijana huyo alikuwa anakunywa maji polepole kabisa huku foleni ya watoto wa darasa la kwanza ikimsubiri, vikombe mkononi. Cherehani alimuuliza zamu ya vyoo hubadilika lini. Meja alifuta mdomo kwa mkono wa shati. Akasema zamu anapanga yeye, mwalimu ndiye aliyempa kazi hiyo, na kama mtu haipendi amweleze mwalimu. Tena mbona alikwisha kumweleza asubuhi? Alijibiwa nini?

"Kwa nini kila siku ni yeye?" Cherehani aliuliza.

"Si alichagua mwenyewe? Alimchagua Goti, na mambo ya Goti ndiyo hayo." Vijana waliokuwa karibu walicheka. Meja akamsogelea, akashusha sauti. "Halafu wewe unapiga kelele kama nani? Siku ile ulisimama wapi? Ulivyokuja mbio nyuma yangu, nusura unikanyage kisigino."

Cherehani alitazama miguu yake. Ilikuwa kweli. Alisimama nyuma ya Meja, kwa sababu alipenda netiboli na mpira wa netiboli ulikaa kwenye lile kabati. Aliondoka bombani masikio yakimwaka moto, ana hasira na Meja, na darasa, na mwalimu, na miguu yake mwenyewe iliyompeleka kwenye ule mstari.

Mchana kilikuwa kipindi cha uraia. Somo la siku hiyo lilihusu uchaguzi. Mwalimu alisoma kitabuni, na darasa likarudia kwa sauti moja kama kawaida yao: kila raia ana haki ya kuchagua, kura ni siri ya mpiga kura, hakuna mtu anayeruhusiwa kumtisha mwenzake kwa sababu ya kura yake. Sauti ya Meja ilisikika kuliko zote. Kwenye maneno "hakuna anayeruhusiwa kumtisha mwenzake" alikaza sauti kabisa, kama anayeimba wimbo anaoupenda.

Hapo Cherehani alinyoosha mkono. Aliuliza, kama kura ni siri, kwa nini wao wanapanga mstari?

Mwalimu alivua miwani, akaifuta. Akaeleza kwamba kitabu kinasema habari za watu wazima na nchi yao, na kwamba wao ni watoto wa darasa moja, ndugu tu, hawana cha kufichana.

"Kama hatuna cha kufichana, Mwalimu, mbona aliyesimama peke yake ndiye anayesugua vyoo mpaka leo? Angalia mikono yake. Ungekuwa humwoni, sawa, lakini unamsimamisha nyuma kila siku, unamwona."

Hilo lilitoka kwa ukali kuliko alivyokusudia. Mwalimu alikunja uso na kwa muda ilionekana kwamba Cherehani naye angekwenda kuegemea ukuta. Lakini mwalimu hakumpeleka popote. Aligeuza macho polepole kuelekea dawati la Taratibu, na Taratibu akaiweka mikono chini ya dawati haraka, haraka kuliko alivyowahi kufanya jambo lolote.

Mwalimu alifunga kitabu. Kisha akasema kwamba hatakubali kufundishwa kazi kwa kelele, ila hatakataa wazo zuri kwa sababu limeletwa na mwenye kelele. Karatasi za kupigia kura shule haina, na hata zingekuwepo, darasa zima linajua mwandiko wa kila mtu. Akampa Cherehani mpaka siku ya pili yake alete njia nyingine, isiyo na gharama na isiyokula kipindi kizima. Akiikosa, Ijumaa watapanga mstari kama siku zote.

Nyumbani, Cherehani alimweleza mama yake yote, na alipofika kwenye mikono ya Taratibu alikuwa anapiga meza ya kukatia vitambaa kwa kiganja. Mama alikuwa anapiga pasi sare za mteja. Alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, jambo lililohitaji subira kubwa, kisha akasema naye amekasirika. Mtoto wa mtu kuchunwa mikono kwa dawa ya choo na wakubwa wapo. Angeweza kwenda shule kesho asubuhi akasema maneno.

"Lakini nikienda mimi," alisema, "watasema fundi cherehani amekuja kugomba, na wewe utabaki mtoto wa mgomvi. Umepewa nafasi na mwalimu wako, itumie. Na punguza moto, mwanangu. Hii pasi ikizidi moto hainyooshi tena, inatoboa nguo ya mteja, halafu mwenye makosa ni mimi."

Cherehani aliondoka mezani akaenda kwa muuza soda wa jirani, mzee mmoja aliyemwaga vizibo vya chupa nyuma ya kibanda chake. Alimwomba, na mzee akamwambia achukue hata gunia, mradi asimwombe na soda. Vizibo alivipata. Makopo pia aliyapata, moja la maziwa ya unga na moja la rangi, yote yalikuwa matupu na safi.

Asubuhi aliyapeleka shuleni, na safari hii alijieleza polepole. Makopo mawili yatakaa nyuma ya ubao wa kusimamisha. Moja litakuwa la mgombea huyu, na jingine la mgombea yule, kila moja lina jina lake. Kila mtu atapewa kizibo kimoja, atapita nyuma ya ubao peke yake, atatumbukiza, atatokea upande wa pili. Nani ataona? Hakuna. Mwalimu alikubali wajaribu, kura ya mchezo tu, wachague kati ya netiboli na mpira wa miguu.

Walianza vizuri. Mtu wa kwanza alipita, kizibo kikalia. Wa pili alipita, kikalia. Wa tatu alipotokea tu, Meja, aliyekuwa ameinamisha kichwa dawatini kama anayesinzia, aliinua uso akatabasamu.

"Mpira wa miguu," alisema. "Na wewe wa kwanza, netiboli. Wa pili, netiboli."

Wote watatu walibadilika nyuso. Ilikuwa kweli. Kopo la rangi lilikuwa refu na zito, kizibo kikianguka humo kilitoa mlio mnene. La maziwa lilikuwa jembamba, likalia kwa sauti kali kama kengele ya baiskeli. Aliyeketi dawati la mbele hakuhitaji macho, masikio yalimtosha. Darasa lililipuka kwa kicheko. Mtu mmoja akasema siri hiyo imepigiwa tarumbeta. Goti akasema, tena tarumbeta mbili.

Mwalimu alitazama saa yake. Akasema amejaribu, na kwamba hata yeye wazo lilimpendeza, lakini afadhali mstari ambao kila mtu anajua anaonwa kuliko siri ya uongo. Akaanza kukusanya vitabu vyake.

Cherehani alisimama katikati ya darasa amekumbatia kopo la rangi. Maneno ya hasira yalikuwa mengi, yote yamefika kwenye meno. Alimkumbuka mama yake na pasi, akayameza. Akamwomba mwalimu dakika chache tu. Akatoka mbio uwanjani, akarudi na sketi imejaa mchanga kutoka kwenye shimo la kurukia, akaumwaga ndani ya makopo yote mawili, nusu kwa nusu.

"Tumbukiza," alimwambia Goti.

Goti alipita nyuma ya ubao. Wakasubiri. Goti akatokea upande wa pili, amepandisha nyusi.

"Umetumbukiza?" mwalimu aliuliza.

"Nimetumbukiza, Mwalimu."

Hakuna aliyesikia chochote. Wote waligeuka kumtazama Meja. Meja alikuwa ametega sikio mpaka shingo imepinda, na uso wake haukuwa na tabasamu tena. Alisema mchezo huu ni wa watoto wa chekechea. Alisema mwenye haki ya kuchagua hana haja ya kujificha, na anayejificha ni mwoga. Safari hii aliyemjibu alikuwa mwalimu, kwa sauti ile ile aliyoitumia kwa Cherehani siku iliyotangulia: akae chini.

Ijumaa ikafika. Wagombea walikuwa wale wale, Meja na Goti. Watu walitaka Cherehani naye asimame, akakataa. Meja alikuwa ameshatangaza bombani kwamba kelele zote hizi ni za mtu anayetaka cheo chake, na Cherehani hakutaka kumpa raha ya kuwa amesema kweli. Taratibu alikuja shuleni siku hiyo, lakini begi lake lilikuwa limevimba. Cherehani aliligusa, akajua ndani mna vitabu vyote vya shule, tayari kurudishwa ofisini.

Walipita nyuma ya ubao mmoja mmoja. Ilikuwa ajabu kuwatazama. Mtu aliondoka dawatini amekakamaa, mabega juu, akatokea upande wa pili anatembea kama mtu mwingine. Wawili watatu walitokea wanacheka peke yao. Mchanga ulimeza kila kitu. Meja alikuwa anawatazama usoni wanapotokea, kwa mazoea yake, na safari hii nyuso hazikumwambia kitu.

Mwalimu alimwaga makopo mezani mbele ya wote, akachekecha mchanga kwa vidole. Vizibo vya Meja vilienea kwenye kiganja chake. Vya Goti aliita mtu amsaidie kuvishika.

Watu walikuwa wakitazamana kana kwamba ndiyo kwanza wanajuana. Kumbe wewe pia. Kumbe na wewe. Kumbe tangu muhula uanze kila mmoja alikuwa akidhani yuko peke yake. Halafu kelele ikapasuka. Madawati yalipigwa, Goti alibebwa juu juu, kidonda cha goti kikagonga ubao, akalia na kucheka kwa pamoja.

Katikati ya kelele hizo sauti moja ilipanda juu ya nyingine zote. "Meja vyooni. Meja vyooni mpaka amalize darasa la saba."

Sauti hiyo ilikuwa ya Cherehani.

Darasa likaidaka. Wakaimba, wakapiga dawati kwa mdundo: Meja vyooni, Meja vyooni. Mtu akauliza ni akina nani hao wachache waliompigia Meja, wajitokeze, nao wapewe ndoo. Wengine wakaanza kukisia, wakanyoosheana vidole. Huyu hapa, si huwa anambebea begi? Na huyu je? Msichana mdogo wa dawati la tatu alianza kulia, akiapa kwamba yeye hakumpigia. Meja alikaa mahali pake. Kifua chake kilikuwa kimeingia ndani, na bila kifua hicho alionekana mvulana tu, mdogo kuliko wengi.

Mwalimu aligonga meza, hawakumsikia. Aliyewanyamazisha alikuwa Taratibu. Hakupiga kelele. Alitoka dawatini kwa mwendo wake ule ule, akaenda mbele, akainua mikono yake miwili juu, viganja vimewaelekea wao. Walioona kwanza walinyamaza, wakawashika wengine mikono, mpaka darasa lote likawa kimya. Vidonda vilikuwa vimekauka, vyeusi, kwenye kila kiungo.

"Nimeipata hii kwa kusimama nyuma ya mtu ninayemtaka," alisema. Alinyamaza, akafikiri, na hakuna aliyemharakisha. "Sasa mnawatafuta waliosimama nyuma ya wanayemtaka. Mkiwapata mtawafanyia hivi. Basi nimekuwa mjinga mimi, nilidhani tumepiga kura."

Akageuka kumtazama Cherehani. "Na wewe? Wewe umeiona hii mikono kabla ya wote."

Cherehani aliyatazama makopo mezani. Alikuwa amebeba mchanga kwa sketi yake mwenyewe ili mtu asionewe kwa kura yake, na mchanga wenyewe haujaondolewa mezani, yeye ndiye wa kwanza kumtafutia mwenzake brashi. Alisema, kwa sauti ambayo watu wa nyuma hawakuisikia, kwamba amekosa. Taratibu akamwambia aseme tena, wa nyuma hawajasikia. Akasema tena. Kisha akageukia dawati la mbele, akamwambia Meja moja kwa moja kwamba bado amekasirika naye, tena sana, ila hakuna mtu atakayesugua choo kwa sababu ya kizibo.

Goti, ambaye walikuwa wamemsahau juu ya mabega ya watu, aliomba ateremshwe. Alisema kwa kuwa yeye ndiye kiranja, na hajui kazi hiyo, ataanza na analolijua. Vyoo vitasafishwa kwa zamu ya madawati, dawati moja kila siku, kuanzia la kwake, likifuatiwa na la mbele. Taratibu atafuta madirisha mpaka mikono ipone. Akaongeza kwamba wale wanaomwaga maji kutoka mlangoni na kukimbia anawafahamu vizuri, wasimjaribu. Watu walicheka, na Goti akainama kwa haya.

Ndipo mwalimu aliposimama. Alivua miwani yake yenye uzi, na safari hii hakuifuta, aliishika tu.

"Nitasema na mimi, halafu mwende nyumbani," alisema. "Nimefundisha kwamba kura ni siri, huku nimewapanga mstari. Nimefundisha haki, huku nimemsimamisha ukutani mtoto aliyekuwa akitufanyia kazi sisi wote. Nilimpa kiranja zamu azipange, nikaacha kuzitazama. Taratibu, hilo ni kosa langu, na masomo uliyoyakosa nitakufundisha mwenyewe baada ya vipindi. Ninyi wengine mlijua mkanyamaza, na kila mmoja wenu anajua alinyamaza kwa ajili gani. Sasa nisikilizeni vizuri. Tumeficha kura ili kila mtu achague bila woga, na hilo ni jambo jema. Ila makopo na mchanga haviwezi kumfanya mtu amheshimu mwenzake. Hiyo ni kazi yenu, na inaanza kura zikishahesabiwa. Anayekupinga leo bado ni mwenzako wa darasa, na Jumatatu mtakaa dawati moja, mtafungua kitabu kimoja. Ukimwadhibu kwa sababu ya alichokichagua, uwe na wengi nyuma yako au usiwe nao, wewe ni mwonevu. Mkikua mkapewa vitu vikubwa kuliko ufunguo wa kabati la mipira, mkumbuke hivyo."

Jumatatu Taratibu alikuja. Begi lilikuwa limevimba vile vile, ila safari hii alivitoa vitabu vyote akavipanga juu ya dawati, na Cherehani, aliyekuwa amekaa mlangoni tangu asubuhi akijifanya anafunga kamba za viatu, akaacha kujifanya.

Jumanne ikawa siku ya dawati la mbele. Meja alikwenda peke yake mpaka nyuma ya madarasa, akasimama. Akazunguka ukuta mara moja, akarudi, akasimama tena. Taratibu alikuwa kwenye madirisha, akamwona. Alishuka, akamfuata bila haraka.

Meja alitazama chini. Alikuwa amewapangia watu zamu ile tangu muhula uanze.

"Ndoo zinakaa wapi?" aliuliza.

Taratibu hakucheka. Alimwonyesha.